Uso wa Saa na Moyo Wake

Sisi walimu huwaonya wanafunzi wasishuhudie wasilolijua; lakini juzijuzi sisi wenyewe nusura tushuhudie uongo, tena kwa mwandiko mzuri.

Mzee mmoja, jirani yetu, alitaka kuuza saa yake ya mkono, Omega Speedmaster, aliyoinunua ugenini mwaka wa 1969 alipokuwa baharia. Alituomba tumwandikie mnunuzi barua, kwamba saa hiyo ni sawasawa na ile aliyoivaa Buzz Aldrin alipotembea mwezini, Julai ya mwaka uo huo. Tuliitazama: uso wake mweusi, na nembo yake ya chuma iliyobandikwa, kama zile za kale. Tukaandika bila ya shaka.

Kabla ya kuituma barua, tulimpitia fundi wa saa. Alifungua kifuniko cha nyuma, akatuonyesha namba 861. Akatueleza ya kuwa saa ya Aldrin ilikuwa na mtambo wa namba 321, ambao sehemu yake ya kupimia muda huongozwa na gurudumu lenye vinguzo. Mwaka wa 1968 kiwanda kilianza kutia mtambo wa 861, ambao badala ya gurudumu hilo una kipande bapa chenye mikato, kilicho rahisi zaidi kutengenezwa. Mapigo nayo yaliongezeka, toka 18,000 kwa saa hata 21,600. Yaani toka 5 hata 6 kwa kila sekunde.

Tukauliza, "Mbona nembo ni ya kale?"

Akajibu ya kuwa saa za kwanza za mtambo mpya zilitoka na nembo ile ile ya kubandikwa. Nembo ya kuchorwa kwa rangi ilifuata baadaye. Kumbe moyo ulitangulia kubadilika, uso ukabaki nyuma! Na mwaka wa 1969 mtambo mpya ulikuwa ukiuzwa madukani, hali ule wa kale ukitembea mwezini.

Tulirudi kwa mzee kwa haya, kwani saa za 321 hupata bei kubwa zaidi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ichane hiyo, mwalimu. Andika 861."

Tukaandika, na bei ikapungua. Tangu siku hiyo, kila tunapopewa mwaka wa kitu, twauliza kwanza: je, ni mwaka wa kununuliwa, wa uso, au wa moyo?