Haki za Lugha Zote

Kazi yangu hapa London ni uwakala wa waandishi. Mwandishi huniletea mswada. Nikiupenda namtafutia mchapishaji, tunapatana malipo, nasoma mkataba kifungu kwa kifungu. Fedha zikiingia nakata asilimia 15 yangu, au 20 haki za tafsiri zikiuzwa nje. Nisipouza, sili. Jamaa zangu wa Mombasa huuliza wakala ni wa nini, maana kwetu mwandishi hupeleka mswada mwenyewe na kusaini mkataba ulivyo.

Alfajiri huandika riwaya zangu za vijana. Hizo siziuzi mimi. Nina wakala wangu, wa ofisi nyingine. Siwezi kukipigia debe kwa mhariri kitabu changu na cha mteja wangu kwa pamoja, kisha nikaaminiwa.

Aliyeniingiza katika vitabu vya vijana ni mwandishi Ken Walibora. Riwaya yake Siku Njema ilitoka 1996, nikiwa sekondari, nikaisoma chini ya dawati kipindi cha hesabu. Mhusika wake, Kongowea Mswahili, anafiwa na mama, anaondoka Tanga kumtafuta baba hadi Kitale, na Walibora hamdekezi msomaji wake wala hapunguzi utamu wa lugha eti kwa kuwa anayesoma ni kijana. Mswada wa vijana unaoanza na mtu mzima akimwaga nasaha, naye kijana akiitikia tu ndiyo, ndiyo, naurudisha.

Lakini ninachokipigania zaidi kimo ndani ya mkataba. Wachapishaji wakubwa huomba haki za dunia nzima, lugha zote. Haki za Kijerumani na Kifaransa wataziuza: Bologna, kwenye maonyesho ya vitabu vya watoto yaliyoanza 1964, tunakaa meza hadi meza, nusu saa kwa kila mazungumzo. Kiswahili sijakisikia kikitajwa kwenye meza hizo. Haki yake hulala tu, na mchapishaji wa Dar es Salaam anayeitaka sharti abishe hodi London au New York. Kwa hiyo hushika kalamu nikaongeza: isipokuwa Kiswahili, haki inabaki kwa mwandishi.

Mteja wangu mmoja, binti aliyezaliwa Uingereza kwa wazazi wa Unguja, alishangaa. "Shangazi, Kiswahili nani atakinunua?"

"Binamu zako wa Unguja wana miaka mingapi?"

"Kumi na nne. Mwingine kumi na sita."

"Hao."

Nilimtajia riwaya ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah. Ilitoka 1994, na Yusuf, mhusika wake mkuu, ni mtoto wa pwani yetu. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel. Miaka 28! Aliyekuwa rika la Yusuf kitabu kilipotoka alikisoma kwa lugha yake akiwa ana watoto wa rika hilo. Sitaki binamu za binti huyu wangoje hivyo, wala waisubiri Nobel.

Mhariri wa kitabu cha binti huyu alikataa kile kifungu cha Kiswahili, nikamwandikia tena, akakubali. Kwa Kiswahili haijaingia hata senti, ila mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam ameomba kuona sura tatu. Mtafsiri amemaliza mbili.