Sumu ya Panya Iwe na Nyumba Yake

Mimi ni mkulima wa mahindi katika wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro. Nalima ekari mbili pamoja na mume wangu. Mwaka 2023 tulivuna magunia 11. Tuliuza magunia 5. Magunia 6 tuliyaweka ndani yawe chakula chetu mpaka mavuno mengine. Nyumbani tulikuwa watu watano: mimi, mume wangu, binti yetu na wajukuu wawili. Mjukuu mdogo alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mtoto wa umri huo kila anachookota hukipeleka mdomoni.

Ndugu msomaji, nimeanza na magunia na mjukuu kwa sababu nilitaka kulinda vyote viwili. Panya walikuwa wanakula mahindi. Sumu ya panya ingeweza kumwua mtoto. Mtu asiye na mtoto mdogo husema, "Tega sumu, panya wafe." Mtu asiye na mahindi husema, "Acha sumu, ni hatari." Mimi nilikuwa na mahindi na nilikuwa na mtoto.

Adui mwenye watoto wengi

Panya si adui mdogo. Mimba ya panya haifiki mwezi mmoja. Panya wa shamba wa huku kwetu huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja. Baada ya miezi michache watoto hao nao huzaa. Miaka ambayo mvua za vuli ni nyingi kupita kawaida, panya wa shamba huongezeka mno. Hufukua mbegu ardhini kabla hazijaota. Mahindi yakiisha kuvunwa, huyafuata mpaka nyumbani.

Panya hali tu. Hutoboa gunia, mahindi yakamwagika. Huchafua chakula kwa mkojo na mavi. Tena huleta maradhi. Wenzetu wa Lushoto, mkoa wa Tanga, waliingiliwa na tauni mwaka 1980, na ugonjwa ule uliwarudia kwa zaidi ya miaka 20. Tauni huletwa na viroboto wa panya.

Kuku saba

Mwaka 2022 mtu mmoja wa kitongoji chetu alinunua sumu mnadani. Ilikuwa unga mweusi ndani ya kikaratasi. Haikuwa na jina wala maelezo. Aliichanganya na dagaa, akaitupa nyuma ya jiko. Asubuhi kuku saba wa jirani yake walikuwa wamekufa.

Mwenye kuku alisema amefanyiwa makusudi. Mwenye sumu alisema kuku ndio waliokuja kwake. Shauri lilifika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kuku walilipwa, lakini salamu kati ya nyumba zile mbili zilikatika.

Basi panya walipoingia katika magunia yetu, mume wangu alitaka tununue sumu ile ile, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Mimi sikukubali. Nilimwambia, "Mahindi yakiliwa tutakopa. Mtoto tutamkopa wapi?" Alinyamaza. Kesho yake tulikwenda pamoja kwa bwana shamba.

Majivu kando ya ukuta

Bwana shamba wetu ni kijana. Alituamkia, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Mama, panya wako wanapita wapi?"

Nilimjibu, "Mwanangu, wanapita usiku. Nitawaonaje?"

Alituambia tunyunyize majivu kando ya kuta jioni, ndani na nje. Asubuhi tuliona nyayo. Uwanjani katikati hapakuwa na hata unyayo mmoja. Kando ya ukuta wa jiko palikuwa na njia kabisa. Njia nyingine ilitoka kwenye rundo la kuni. Nyingine ilitoka kwenye majani marefu nyuma ya choo. Panya hupenda kupita akiwa ameegemea ukuta, kwa sababu uwanja mtupu humwogopesha. Tuliona pia kwamba wengi walitoka nje, wakaingia ndani kula. Kwa hiyo vita vyetu ilifaa vianzie nje.

Kabla ya sumu tulifanya usafi. Tulifyeka majani kuzunguka nyumba. Rundo la kuni tulilihamishia mbali na ukuta. Magunia tuliyapandisha juu ya chaga. Matundu ya ukutani tuliyaziba kwa mawe na udongo. Kumbuka kwamba tundu ambalo kidole gumba kinapita, panya mdogo naye anapita. Bwana shamba alisema, "Panya mwenye chakula kingi nyumbani hana haja ya chambo chenu." Maneno hayo ni ya kweli.

Namna ya kutengeneza sanduku

Mume wangu alitengeneza masanduku matatu kwa mbao kuukuu. Kila sanduku lilikuwa na urefu wa sentimita 40, upana wa sentimita 20 na kimo cha sentimita 15. Alitoboa tundu moja kila mwisho. Upana wa tundu ni sentimita 6. Yawe matundu mawili, ili panya aone njia ya kutokea. Chumba chenye mlango mmoja hakiamini.

Ndani aliweka ubao wa kukinga kati ya njia ya panya na mahali pa chambo, akaacha nafasi ya panya kuzunguka tu. Mkono wa mtoto ukiingia tunduni haufiki kwenye chambo. Mdomo wa kuku nao haufiki. Vipande vya chambo alivichoma katika waya, panya asivikokote nje. Kifuniko alikitia bawaba na kufuli. Juu yake tuliweka jiwe zito. Ubavuni binti yetu aliandika kwa rangi nyekundu: SUMU. HATARI.

Tuliyaweka nje, yakiwa yamegusa ukuta, pale pale penye nyayo. Moja nyuma ya jiko, moja nyuma ya choo, moja karibu na kuni. Kati ya sanduku na sanduku palikuwa na hatua kama kumi. Kisimani hatukuweka kabisa.

Wapo watu wanaotumia kipande cha mwanzi mnene, wakaweka chambo katikati. Ni njia nzuri shambani. Lakini penye watoto, sanduku lenye kufuli ni bora zaidi.

Sumu za aina mbili

Unga mweusi wa mnadani mara nyingi ni sumu kali iuayo kwa saa chache. Haina dawa ya kuiondolea nguvu. Tena panya akionja kidogo na kuugua, hairudii tena.

Aina ya pili huzuia damu isigande. Ya kwanza kuenea sana iliitwa warfarin, nayo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948. Baadaye zilitengenezwa nyingine zenye nguvu zaidi. Panya hufa baada ya siku kadhaa, kwa hiyo wenzake hawashuku chambo. Mtu akiila, hospitali ipo dawa, nayo ni vitamini K. Sisi tulinunua aina hii dukani, ikiwa vipande vigumu vyenye rangi. Pakiti ilikuwa na jina, maelezo ya Kiswahili na namba ya usajili. Sumu isiyo na maandishi usiinunue, hata ukipewa bure.

Jirani alicheka

Siku za kwanza hatukuweka sumu. Tuliweka mahindi na dagaa tu, kwa sababu panya huogopa kitu kigeni. Siku mbili chakula hakikuguswa. Jirani yangu alipita, akacheka sana. Akasema, "Jirani, umewajengea panya nyumba! Bado kitanda tu." Nami nilicheka. Siku ya tatu chakula kiliisha chote. Hapo tukaweka sumu.

Siku ya nne baada ya sumu tuliokota panya wawili uani. Kwa wiki tatu tuliokota panya 19. Mume wangu aliwachukua kwa koleo, hakuwagusa kwa mkono, akawafukia chini kwa kina cha nusu mita. Wako ndugu zetu wanaokula panya wa shamba. Nawaomba wasile panya wa mahali palipotegwa sumu. Paka, mbwa na bundi nao wakila panya hao hudhurika. Bundi msimfukuze kwa mawe. Yeye huwinda panya usiku kucha wala hadai mshahara.

Na mahali penye tauni ni shauri jingine. Huko viroboto huuliwa kwanza, ndipo panya. Panya akifa, kiroboto hutafuta mtu. Ukiona panya wengi wamekufa bila kutegwa, usiwaguse. Toa habari zahanati upesi.

Ngoma juu ya sanduku

Wiki ya pili nilikuwa natwanga. Nikasikia sauti kama ya ngoma nyuma ya jiko. Nikaenda. Nilimkuta mjukuu wangu amekaa kando ya sanduku, anapiga kifuniko kwa viganja viwili, anacheka. Moyo ulinidunda. Nilimnyakua. Nilimtazama mdomo, nikamtazama mikono. Kisha nikatazama kufuli. Lilikuwa limefungwa. Jiwe lilikuwa mahali pake. Waya haukutikisika.

Nilimwosha mikono kwa sabuni. Nikakaa chini, maana miguu haikuwa na nguvu. Nilifikiri juu ya dagaa wale waliotupwa nyuma ya jiko mwaka 2022. Kama zingekuwa dagaa zile, mtoto asingepiga ngoma.

Wiki ya nne chambo hakikuliwa tena. Tulikitoa, tukakifungia mbali na chakula. Masanduku tuliyaacha pale pale matupu. Kila mwezi tulinyunyiza majivu. Nyayo zikionekana, tulianza upya. Katika magunia yetu 6, nusu gunia liliharibika kabla hatujaanza. Yaliyobaki tuliyala wenyewe mpaka mavuno.

Jirani aliyecheka alikuja kuomba kipimo cha sanduku. Baada yake alikuja yule aliyelipa kuku saba. Mume wangu alimtengenezea moja, akamwambia alichukue yeye mwenyewe, apite nalo kwa mwenye kuku, amwonyeshe. Alipita. Sijui walizungumza nini, lakini siku hiyo alikaribishwa ndani.

Mtu akila sumu

Neno langu la mwisho ni hili. Mtoto akila sumu ya panya, au ukidhani tu kwamba amekula, mpeleke hospitali saa ile ile. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta, hayo si dawa ya sumu. Chukua pakiti ya sumu uende nayo, mganga aisome. Usingoje kuona dalili. Ile sumu ya damu humwacha mtoto akicheza siku mbili au tatu kama mzima, ndipo damu humtoka.

Na kama unatega sumu wiki hii, kwanza zunguka nyumba yako mchana. Tazama ni nani wanaocheza na kuchakura mahali panapopita panya usiku. Kisha mwite fundi, au shika msumeno mwenyewe.