Mvua Inayomkera Mtalii wa Hawaii

Picha za Hawaii umeziona kwenye kalenda: mnazi umeinama, bahari ni buluu, na wingu hakuna hata la dawa. Basi siku ukijaliwa kufika huko mwezi wa Januari, usiache sweta nyumbani.

Visiwa hivi vya Marekani viko katikati ya bahari ya Pasifiki. Ndiko alikokwenda kusoma chuo kikuu mwaka 1959 Barack Obama, yule wa Kogelo aliyekuja kumzaa rais. Siku nyingi huvuma huko upepo wa kaskazini-mashariki, mithili ya kaskazi yetu ya Mombasa. Milima huukinga, ukamwaga maji yake upande mmoja na kuuacha wa pili mkavu. Mahoteli mengi, kama unavyoweza kukisia, yamejengwa upande mkavu.

Lakini kati ya Oktoba na Aprili, hewa baridi ya kaskazini husukumwa mara kwa mara hadi visiwani. Kwanza ule upepo wa kawaida hunyamaza. Kisha huvuma mwingine wa kusini-magharibi, wenye joto na unyevu, ambao wenyeji huuita Kona (si ile ya barabara!). Halafu utaona ukuta wa mawingu ukijongea. Kauai hulowa kwanza, ifuate Oahu lilipo jiji la Honolulu, kisha Maui, na mwisho Kisiwa Kikubwa, ikiwa mvua haijachoka njiani. Mara nyingi huchoka.

Ikishapita, usiku wa Honolulu huweza kushuka hadi nyuzi 16 hivi. Najua, mtu wa Limuru atacheka. Lakini kileleni mwa Mauna Kea, mita 4,205 juu ya bahari, theluji huanguka, na vijana huijaza kwenye pikapu wakateremka nayo hadi ufuoni kuichezea.

Mtalii aliyelipa pesa nyingi kuota jua hukaa dirishani akinuna. Wenyeji wa upande mkavu hawanuni, kwani sehemu kubwa ya mvua yao ya mwaka hutokana na siku kama hizi. Zikikosekana, ardhi hukauka mno.

Lahaina, mji wa kale ulio upande huo wa Maui, uliteketea tarehe 8 Agosti mwaka 2023. Mashamba ya miwa yaliyoachwa yalikuwa yamejaa nyasi kavu, nyingine zenye asili ya huku kwetu Afrika. Upepo mkali uliusukuma moto hadi mjini, na watu zaidi ya 100 wakafa.

Kwa hivyo wingu likikukuta Maui, vaa sweta lako uketi barazani. Usimlalamikie mhudumu anayekuletea kahawa. Huenda naye alikuwa na nyumba Lahaina.