Loki 58 Hadi Worcester, na Swali Moja la Bima

Kila nikituma picha za boti yetu kwenye kundi la familia, shangazi zangu wa Tanga hujibu kwa mshangao: kumbe nesi huko Uingereza ananunua yoti! Si yoti, shangazi. Ni boti nyembamba ya chuma, urefu wake mita 14, upana mita 2 na sentimita chache, ya kupita kwenye mifereji iliyochimbwa zaidi ya miaka 200 iliyopita kwa ajili ya kusafirisha makaa ya mawe. Mimi na mume wangu tuliinunua ikiwa kuukuu, kwa bei ya gari zuri lililotumika. Kasi inayoruhusiwa mferejini ni maili 4 kwa saa. Watu wanaotembeza mbwa hutupita na kutupungia mkono.

Agosti hii tuliichukua kutoka Birmingham hadi Worcester: mimi, mume wangu, watoto wawili, na mdogo wangu anayesoma shahada ya uzamili hapa. Ni maili 30, mahandaki 5 na loki 58. Nimeamua kuiandika safari hii kwa sababu wasomaji kadhaa, hasa wanafunzi wanaolia na kodi za nyumba, wameniuliza kuhusu boti. Nitawapa safari, na ndani yake nitawapa habari ya bima, maana Januari iliyopita ilitugharimu.

Tuliondoka Gas Street Basin, katikati ya jiji, asubuhi na mapema. Hapo kuna ukuta mwembamba uitwao Worcester Bar. Zamani kampuni mbili za mifereji zilikuwa hazielewani kuhusu maji, moja ikiogopa kuibiwa na mwenzake, kwa hiyo mizigo ilihamishwa kwa mikono kutoka boti ya upande huu hadi boti ya upande wa pili. Walikuja kuufungua mwaka 1815. Nilipowasimulia watoto, mkubwa akauliza kama nao walikuwa na bima. Mtoto wa nyumba yetu huyo, neno bima amelisikia mno mwaka huu.

Mfereji unapita nyuma ya chuo kikuu na karibu na Hospitali ya Queen Elizabeth. Mbele kidogo ni Bournville, kwenye kiwanda cha chokoleti cha Cadbury. Upepo ukiwa upande wako, unanusa kakao ukiwa umeshika kana ya usukani. Kisha King's Norton, kisha handaki la Wast Hills lenye yadi 2,726, nusu saa nzima gizani maji yakikudondokea kichwani. Hakuna loki hata moja kwa maili 14 za mwanzo. Ndiyo maana nilikuwa na nafasi ya kukaa tezini na mdogo wangu, kikombe cha chai mkononi, na kuzungumza kwa mara ya kwanza bila hasira kuhusu mambo ya Januari.

Nianze na misingi. Kuendesha boti ya namna hii hapa Uingereza hakuhitaji leseni ya udereva. Lakini boti yenyewe lazima iwe na leseni ya kukaa majini, na ili Canal & River Trust, shirika linalosimamia sehemu kubwa ya mifereji, likupe leseni hiyo, unatakiwa uwe na cheti cha usalama wa boti, ambacho hurudiwa kila baada ya miaka 4, pamoja na bima. Bima inayolazimishwa ni ile ndogo tu, ya kulipa madhara utakayowasababishia wengine, na kiwango chake kisipungue pauni milioni 2. Ukigonga boti ya mwenzio, ukivunja lango la loki, ukimjeruhi mtu, hiyo ndiyo inayosimama. Boti yako mwenyewe ikizama, ni shauri yako.

Mwaka wa kwanza tulikata hiyo ndogo kwa pauni 85, tukajiona wajanja. Mzee mmoja jirani yetu wa gatini ndiye aliyetutoa usingizini. Alituuliza: boti ikizama kwenye loki, nani atalipa winchi ya kuinyanyua? Tukanyamaza. Baadhi ya bima ndogo hulipia kuondoa mabaki ya chombo, nyingine hazilipi, na yetu hatukuwa tumeisoma. Mwaka uliofuata tukakata bima kubwa, pauni 180, inayolipia na boti yenyewe: kuzama, moto, wizi, kugongwa. Hailipii kutu wala uchakavu. Chuma kikiliwa taratibu hadi maji yakaingia, hiyo si ajali, ni uzembe wa mwenye mali. Kwa boti yenye umri kama yetu, kampuni iliitaka ripoti ya fundi aliyeitoa majini na kupima unene wa bati la chini. Likipungua milimita 4, kampuni nyingi huanza kusitasita. Ukiangalia boti ya kununua, dai ripoti hiyo kabla hujatoa pesa. Rangi nzuri isikudanganye.

Sasa Januari. Mdogo wangu alipandishiwa kodi Oktoba, akaomba akae kwenye boti hadi apate chumba. Ningemkatalia vipi? Ni tumbo moja. Akahamia na godoro lake, sufuria ya wali na vitabu. Boti ina jiko dogo la chuma la makaa ya mawe, na jikoni pana pampu ya maji na taa za betri. Kwa kijana ni raha tupu.

Novemba bima ikafika mwisho. Ujumbe ulikuja kwenye simu nikiwa kwenye zamu ya usiku, saa kumi alfajiri, nimekaa chumba cha mapumziko na miguu juu ya kiti. Maswali yaleyale ya mwaka jana. Mojawapo: kuna mtu anaishi kwenye boti? Majibu ya mwaka jana yalikuwa yamekwisha kujazwa, na kwenye swali hilo lilikuwepo neno "hapana". Nikabonyeza kuthibitisha, nikarudi wodini. Naapa sikufikiri. Kwangu mimi mdogo wangu hakuwa "mtu anayeishi kwenye boti". Alikuwa mdogo wangu, amelala kwetu.

Katikati ya wiki, Januari, aliyakomba majivu ya jiko jioni, akayatia kwenye ndoo ya bati na kuiacha ndani, karibu na kabati, kwa sababu nje kulikuwa na barafu. Majivu ya makaa ya mawe huonekana yamekufa na bado ndani yana moto. Saa tisa usiku king'ora cha hewa ya sumu kikalia. Ni kile kidude kidogo cha kutambua kaboni monoksaidi, ambacho tangu Aprili 2019 ni lazima kiwepo kwenye boti zenye sehemu ya kulala ili zipate cheti cha usalama. Alitoka kwa kutambaa, kichwa kinamgonga, akatapika kwenye nyasi. Nyuma yake sakafu na kabati vilikuwa vimeshaanza kuungua. Majirani wakazima kwa ndoo za maji ya mfereji.

Hapa naomba nizungumze kama nesi, hata kama mhariri atasema nimetoka nje ya mada. Alipofika hospitali walimwekea kile kifaa cha kidoleni, kikaonyesha 98, akataka kurudi zake nyumbani. Kifaa hicho hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksaidi. Zote kwake ni nyekundu. Lazima wapime damu yenyewe. Mtu aliyekuwa karibu na jiko au jenereta akilalamika kichwa na kichefuchefu, mtoeni nje kwanza, kisha mwelezeni daktari alikuwa wapi. Mdogo wangu alikaa kwenye oksijeni saa kadhaa, akapona.

Wiki iliyofuata kampuni ya bima ilimtuma mkaguzi wa hasara. Usiku wa kuamkia siku hiyo mdogo wangu aliniambia, "Dada, tuseme nilikuja kutembea tu." Sikumjibu. Fundi alikuwa ameshapiga hesabu: pauni 2,400. Fedha hiyo hatukuwa nayo, na Desemba tulikuwa tumetuma nyumbani karo za watoto wa marehemu kaka. Mkaguzi alikuwa mtu mpole. Akatazama godoro, sufuria, mswala uliokunjwa juu ya rafu, vitabu vilivyolowa. Akauliza, "Nani anaishi hapa?" Mdogo wangu akanitazama mimi.

Nikamwambia ukweli, tangu Oktoba. Nikamwambia na habari ya ule ujumbe wa saa kumi alfajiri.

Nilidhani nimepoteza kila kitu. Baadaye ndipo nilipoelewa sheria ilivyo. Sheria ya mwaka 2012 ya bima za watu binafsi hapa Uingereza inakutaka uwe mwangalifu katika kujibu unayoulizwa. Ukidanganya kwa makusudi, au bila kujali kama unachosema ni kweli, kampuni ina haki ya kuivunja bima na kukataa kulipa. Ukikosea kwa kutokuwa makini, kampuni inajiuliza: tungejua, tungefanya nini? Kama wasingekukatia kabisa, wanaweza kukataa madai, ila wakurudishie ada yako. Kama wangekutoza zaidi, wanakulipa kwa uwiano. Sisi tulilipa pauni 180. Kwa boti inayokaliwa wangetutoza 270. Tulikuwa tumelipa theluthi mbili ya ada, tukapewa theluthi mbili ya hasara, yaani pauni 1,600. Wakatoa 200 za kwanza ambazo kila mkataba humwachia mwenye mali azibebe. Zikabaki 1,400. Elfu moja ikatoka mfukoni kwetu, kwa mafungu. Kompyuta ya mdogo wangu haikuhusika kabisa. Mkataba ulikuwa wa boti na vifaa vyake.

Na la gati. Mkataba wa sehemu tunayofunga boti unasema ni ya matembezi, si makazi. Sehemu nyingi ziko hivyo, na zile za makazi ni chache na ghali. Mwenye gati alimpa mdogo wangu wiki nne atoke. Kwa hiyo mwanafunzi anayepiga hesabu ya kukaa kwenye boti aanze kutafuta mahali pa kuifunga, kabla ya boti yenyewe.

Baba yetu mdogo kule Pangani aliwahi kupoteza ngalawa kwa dhoruba. Hakuna karatasi iliyosomwa. Watu walikuja barazani, mmoja akatoa mbao, mwingine tanga, na deni lake kwa tajiri likasogezwa mbele. Ila hakuna aliyehitaji kumuuliza nani alikuwa chomboni usiku ule, kijiji kizima kilijua. Huku kampuni hainijui, inajua nilichojaza tu.

Siku ya pili tulifika Tardebigge. Hapo ndipo mwandishi L. T. C. Rolt alipofunga boti yake, Cressy, miaka ya vita, na hapo kuna loki 30 zinazofuatana, ndefu kuliko msururu wowote Uingereza. Unashuka zaidi ya mita 60 ndani ya maili mbili na ushee. Loki ya kwanza ina kina kirefu. Unaingia, milango inafungwa nyuma yako, unafungua vilango vidogo kwa mpini wa chuma, maji yanatoka, na boti inashuka ndani ya shimo la matofali yenye kuvu kama kwenye kisima.

Hatari iko nyuma. Chini ya mlango wa juu kuna kizingiti cha zege kinachotokeza, na maji yakipungua kinajitokeza. Ukingoni pamechorwa mstari mweupe: tezi isirudi nyuma yake. Tezi ikikalia kizingiti, omo inaendelea kushuka, na boti huweza kujaa maji na kuzama kwa dakika chache. Mume wangu alikuwa kwenye kana, mimi na mdogo wangu juu na mipini. Kwenye loki ya sita au ya saba, boti ikaanza kurudi polepole bila mume wangu kutambua, mtoto mdogo akiwa ndani anachora. Mdogo wangu aliona kabla yangu. Hakupiga kelele. Alishusha kilango chake palepale, akanipigia mluzi nishushe changu, maji yakatulia, mume wangu akasogea mbele. Kama mita moja ilikuwa imebaki.

Tulimaliza loki zote 30 baada ya saa tano, mabega yakiwaka. Jioni hiyo mdogo wangu ndiye aliyepika, na majivu ya jiko la nyama aliyamwagia maji mara mbili, nje.

Siku ya nne tukaingia Diglis, Worcester, mahali mfereji unapokutana na mto Severn. Mto ni mpana, maji yana nguvu, swala zinatusindikiza kwenye redio ya simu, watoto wanataka kuendelea hadi Gloucester. Mdogo wangu akasema akaunti ya bima iko kwenye simu yangu, nipige niulize. Nikapiga. Mama aliyepokea akaeleza kwamba mkataba wetu mpya unaruhusu mito, ila chini ya Gloucester maji yanapanda na kushuka na bahari, na huko hatutafika bila idhini yao ya maandishi. Nikasema hatuendi huko. Akauliza kama tuna majaketi ya kuokolea kwa wote. Tunayo. Akauliza kama tuna nanga, maana injini ikizima mtoni hakuna ukingo wa kushika.

Nikafunika simu kwa kiganja, nikamtazama mume wangu. Tunazo kamba, tunavyo vigingi vya kufungia. Nanga hatuna, mferejini haijawahi kuhitajika.

"Hatuna," nikamwambia.

Tukanunua samaki na chipsi, tukalala Diglis, na asubuhi tukageuza omo kurudi juu, loki 58.