Nyumba Iliyojengewa Viwavi

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu hivi, na wengine wenu mmeanza kuuliza kama nimehama nchi. Sijahama. Mwezi wa Mei kazi ilinipeleka Montpellier, kusini mwa Ufaransa, na ilipokwisha nikachukua likizo ya siku saba. Dada yangu mkubwa anasomea shahada ya uzamili katika mji huo, kwa hivyo tulichanga pesa tukakodi nyumba ya mashambani katika milima ya Cévennes, juu ya mji mdogo wa Saint-Jean-du-Gard. Nia yangu ilikuwa kutembea tu na kupumzisha macho. Lakini vilima vile vina hadithi itakayomgusa yeyote anayeandika programu, na pia yeyote aliyelelewa na wakulima. Mimi niko pande zote mbili.

Tulipanda gari moshi Montpellier, tukabadilisha Nîmes, tukashuka Alès, kisha tukachukua basi. Mwenye nyumba alikuja kutuchukua kwa gari lake dogo. Ni mama wa miaka sabini na kitu, dada akimwita Madame, nami kimoyomoyo nikamwita nyanya. Tulipanda kwa kona kali, na kabla hatujafika rununu yangu ikapoteza mtandao kabisa. Dada akanitazama.

"Haya, fundi wa tarakilishi. Utaishi?"

"Nitaishi, dada. Nina ramani ya karatasi."

Ramani yenyewe ni ya IGN, taasisi ya ramani ya Ufaransa. Sentimita moja ni mita 250 ardhini, na kila nyumba, kila kijito na kila njia ya mguu imechorwa. Kwa siku saba haikuhitaji chaji hata mara moja.

Nyumba tuliyokodi ni ya mawe ya kijivu, kuta zake nene sana. Chini zamani palikuwa pa mbuzi, leo ni jikoni. Juu kuna chumba kimoja kirefu chenye dari iliyo juu mno, na katika kila pembe kuna mahali pa kuwashia moto. Meko manne katika chumba kimoja! Nilidhani watu wa huku waliogopa baridi kupita kiasi. Dada alipouliza, nyanya akacheka. Meko yale hayakuwa ya watu. Yalikuwa ya viwavi.

Nyumba ya aina hii huitwa magnanerie, kutokana na neno la kienyeji la kiwavi wa hariri. Milima hii imejaa nyumba kama hizo. Ukishaijua sura yake, yaani jengo refu, madirisha madogo na mabomba ya moshi kwenye pembe, utaiona kila upande ukigeuka.

Nieleze kidogo jinsi kazi ilivyokwenda, maana ndiyo iliyonifanya nisilale usiku wa kwanza. Kiwavi wa hariri hula kitu kimoja tu, jani la mforsadi, mti ule wa matunda meusi yanayotia vidole rangi. Mayai yake ni madogo kama mbegu za mchicha. Zamani wanawake wa hapa waliyaangua kwa joto la miili yao, yakiwa kwenye vifuko vilivyofungwa chini ya sketi. Gramu 25 za mayai hutoa viwavi zaidi ya elfu thelathini. Kwa muda wa mwezi mmoja hivi viwavi hao hula, hulala, hujivua ngozi mara nne, na hula tena. Mpaka wamalize watakuwa wamekula zaidi ya tani moja ya majani, yote yakichumwa kwa mkono na kubebwa kwa magunia. Siku za mwisho hula usiku na mchana. Nyanya alisema bibi yake alimsimulia kwamba sauti ya kutafuna ilisikika chumba cha chini kama mvua juu ya paa.

Baada ya hapo kila kiwavi hupanda tawi la kichaka lililosimamishwa kwenye rafu, akajifungia ndani ya kifukofuko alichokifuma mwenyewe. Kifukofuko kimoja ni uzi mmoja usiokatika, urefu wake karibu kilomita moja.

Joto likishuka, kazi ya mwezi mzima imekufa. Ndiyo maana ya meko manne. Nilifikiria vyumba vya seva tunavyovijua sisi. Sisi twahangaika kupoza na wao walihangaika kupasha, lakini wasiwasi ni ule ule, na mtu wa zamu ya usiku ni yule yule.

Siku ya pili na ya tatu tulitembea. Njia kubwa za miguu Ufaransa zimewekwa alama za rangi kwenye miti na mawe: mstari mweupe juu, mwekundu chini. Mistari ikiwa sambamba, endelea. Ikipinda, jiandae kugeuka. Ikikatana kama herufi X, umepotea, rudi. Ujumbe ni mitatu tu na mtoto anaielewa. Njia moja inayopita huku ni GR 70, inayofuata safari ya mwandishi Robert Louis Stevenson, aliyeivuka milima hii mwaka 1878 kwa siku 12 akiwa na punda jike aitwaye Modestine. Safari yao iliishia Saint-Jean-du-Gard, na punda akauzwa.

Kwa mbali unaona msitu tu. Ukiingia ndani unagundua kwamba mlima mzima umekatwa ngazi. Ngazi juu ya ngazi, kila moja imeshikiliwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji, na udongo wenyewe ulibebwa mgongoni. Kwenye kingo za ngazi kuna miforsadi mizee, vigogo vyake vimejaa mafundo kwa sababu ya kukatwa matawi miaka na miaka. Juu zaidi kuna miti ya chesnati, zile njugu kubwa za kahawia zinazokaushwa kwa moshi na kusagwa unga. Wenyeji waliita chesnati mti wa mkate, na mforsadi mti wa dhahabu. Mmoja ulilisha tumbo, wa pili ulilipa kodi.

Hariri haikuanza kwa bahati. Mnamo 1600 mtaalamu wa kilimo Olivier de Serres, aliyeishi kaskazini kidogo ya hapa, alikuwa akimshauri Mfalme Henri IV apande miforsadi Ufaransa. Kisha ikaja baridi kali ya 1709, iliyoua mizeituni na chesnati nyingi. Watu wakatafuta mti mwingine wa kuwaokoa, na mforsadi ukashika milima. Kufikia 1853 Ufaransa ilivuna tani 26,000 za vifukofuko kwa mwaka, na eneo hili lilikuwa kiini chake. Shule, makanisa, mahari, madeni, vyote vilisubiri viwavi wamalize kula.

Halafu viwavi wakaanza kufa. Walitokwa na madoadoa meusi kama pilipili manga, wakadumaa, hawakufuma. Mwaka 1865 mavuno yalikuwa yameshuka hadi tani 4,000. Kutoka 26,000 mpaka 4,000 kwa miaka 12! Serikali ikamtuma Louis Pasteur hadi Alès, mji ule ule tuliposhukia gari moshi. Aliyemsihi aende ni mwalimu wake, Jean-Baptiste Dumas, mzaliwa wa Alès. Pasteur hakuwa amewahi hata kumshika kiwavi wa hariri.

Hapa wenzangu wa programu mtanielewa. Pasteur alirudi huko mwaka baada ya mwaka hadi 1869, na kilichomsumbua ni kwamba matokeo yalikataa kunyooka. Viwavi wengine wenye vijidudu waliishi, wengine wasio na vijidudu walikufa. Kumbe magonjwa yalikuwa mawili, yamechanganyikana. Mara ngapi tumefukuzia hitilafu moja wiki nzima, kumbe ni mbili zinazofichana?

Dawa ya ugonjwa wa madoadoa hakuipata. Alichopata ni jaribio. Kila nondo jike awekwe peke yake, atage mayai juu ya kipande cha kitambaa. Kisha nondo huyo asagwe na maji, tone moja litazamwe kwa hadubini. Vijidudu vikionekana, mayai yake yachomwe. Visipoonekana, mayai yauzwe. Ni hayo tu. Hakuna mbegu inayofika kwa mkulima kabla mzazi wake hajapimwa. Njia hiyo ilienea duniani, na mimi sijui kazi nyingine ya karne ile inayofanana zaidi na kazi yangu ya kila Jumatatu asubuhi.

Kuna uzi mwingine unaotoka hapa hadi mezani kwangu. Hariri ya Cévennes ilikwenda Nîmes na Lyon kufumwa. Huko Lyon, mnamo 1804, Joseph Marie Jacquard alikuwa na mtambo wa kufumia uliosoma kadi zenye matundu: penye tundu uzi huu unainuka, pasipo na tundu unabaki. Ukitaka ua jingine kwenye kitambaa, badilisha kadi, usiguse mtambo. Mwingereza Charles Babbage alichukua wazo hilo kwa mashine yake ya kukokotoa. Alikuwa hata na picha ya Jacquard iliyofumwa kwa hariri, kwa kutumia kadi zipatazo 24,000. Chuoni tulikariri majina hayo mawili kwa ajili ya mtihani. Hakuna aliyetuambia kwamba kulikuwa pia na mwanamke mlimani aliyebeba mayai chini ya sketi.

Sasa swali. Kama Pasteur alifaulu, mbona leo hakuna hariri? Kwa sababu ugonjwa ulikuwa tatizo moja tu. Mwaka 1869 Mfereji wa Suez ulifunguliwa, na hariri ya bei nafuu ya Asia ikafika haraka. Baadaye zikaja nyuzi za viwandani. Pale Saint-Jean-du-Gard kiwanda cha Maison Rouge, miongoni mwa vya mwisho kabisa nchini kusokota hariri, kilifungwa 1965. Leo ni jumba la makumbusho. Hitilafu ilirekebishwa vizuri kabisa, na wateja wakawa wameshaondoka.

Nilikaa kwenye ukuta mmoja nikamfikiria mama. Sisi ni watu wa Molo, na nyumbani tulilelewa na pareto. Karo yangu ya shule ya msingi ilitoka kwenye yale maua meupe. Wakati mmoja Kenya iliongoza dunia kwa pareto. Kisha malipo yakaanza kuchelewa, miezi ikawa miaka, na siku moja baba akang'oa yote akapanda viazi bila kusema neno. Sasa pareto imeanza kurudi, miche inagawiwa, na mama anataka kuiweka shamba zima. Ameniuliza mimi niliyesoma naonaje.

Jioni ile nilipanda mahali penye mtandao nikampigia. Nilimwambia apande pareto, ndiyo, lakini nusu ya shamba, viazi na mahindi vibaki. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo umekwenda Ulaya kuniambia nisiweke mayai yote kwenye kapu moja?" Nikamwambia, "Ndiyo mama, na ni mayai ya viwavi." Nililazimika kumweleza kila kitu tangu mwanzo. Hajakubali bado, lakini hajang'oa viazi.

Siku ya tano tulimkuta jirani wa nyanya akijenga upya kipande cha ukuta kilichobomoka. Mvua za huku za majira ya vuli ni za kutisha, mto unaweza kupanda mita kadhaa kwa saa chache. Ukuta usio na saruji hupitisha maji katikati ya mawe na kuyapunguza kasi. Wa saruji ungezuia maji mpaka yausukume. Alituruhusu tumsaidie. Kanuni ni moja: jiwe moja likae juu ya mawili, na mawili juu ya moja, maungio yasifuatane. Mawe yale yale yaliyoanguka ndiyo yanayorudishwa. Mnamo 2018 UNESCO iliutambua ufundi huu kama urithi wa nchi nane za Ulaya, Ufaransa ikiwemo. Dada alimtafsiria methali yetu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Yule mzee akatazama lile pengo, akasema kwa vijana wa hapa imeshachelewa, wanajenga ukuta tu. Wengi wamehamia mjini, na ngazi nyingi zimemezwa na msitu.

Hariri ilihitaji bei ya Lyon, meli za Suez na afya ya mdudu mmoja. Ukuta unahitaji mtu mmoja, mawe, na asubuhi. Programu ya kwanza niliyolipwa kuandika ilishazimwa, haina hata miaka sita. Tangu nirudi nimeanza kuandika maelezo marefu zaidi ndani ya kazi yangu, ili atakayekuja aweze kurudisha jiwe lililoanguka bila kunitafuta.

Mkipata nafasi ya kwenda, nendeni Mei au Juni, kabla ya joto kali na mbali na mvua za vuli. Chukueni ramani ya karatasi, viatu vya maana, na mtu anayejua Kifaransa. Na kwenu je, ni zao gani lililojenga nyumba na shule za kijiji chenu, na lilipoondoka liliwaachia nini? Niambieni, nitasoma yote.