Neno la Kuacha Haki

Maneno yana nasaba kama watu, na baadhi yake hutoka katika nyumba zenye huzuni. La Kiingereza "waive", lenye herufi tano tu, ni mojawapo. Maana yake leo ni kuiacha haki kwa hiari. Mdai akisamehe riba, neno lake ndilo hilo.

Masikio hulidhania kuwa ndugu wa neno la kupunga mkono, lakini sauti imewadanganya. Wanormani walioishinda Uingereza mwaka 1066 walileta Kifaransa chao, kikawa lugha ya mahakama, na humo neno hili lilikuwa na maana ya kutupa au kutelekeza. Ndugu yake wa damu ni "waif", ambalo siku hizi ni jina la mtoto asiye na kwao. Zamani lilikuwa jina la mali iliyotupwa na mwizi akikimbizwa. Mwenye mali asipofanya bidii kumfuata mwizi, mali ilikuwa ya mfalme. Sheria kali kweli: aliyeibiwa huadhibiwa kwa uzito wa miguu yake!

Lakini habari ya wanawake ndiyo iliyonigusa zaidi. Mwanamume aliyekataa wito wa mahakama aliweza kutangazwa kuwa nje ya sheria. Mwanamke hakuweza kutolewa humo, kwa kuwa hakuapishwa kuingia, kama walivyoapishwa wavulana wa miaka 12. Basi yeye aliitwa kwa neno hili, yaani aliyeachwa. Hakuacha kitu, aliachwa yeye.

Kiswahili chetu husema kusamehe, na katika kusamehe mna wema. Neno la Kiingereza halina joto hilo. Mahakama huuliza tu: je, mtu huyu aliijua haki yake alipoiacha? Maana asiyejua alicho nacho hawezi kusemwa kuwa amekitoa.

Nilipopanga chumba miaka kadhaa iliyopita, niliona neno hili katika mkataba, limejibanza kati ya maneno marefu. Lilitaka niache haki ya kupewa taarifa kabla ya kuhamishwa. Mwenye nyumba alisema ni desturi tu. Nilimjibu kwa adabu kwamba haki hiyo naihitaji, nikalipiga mstari. Alinitazama kitambo, kisha akatia sahihi.