Mjomba, Mawe Haya Siyauzi



Mjomba, picha nilizotuma kwa WhatsApp naona zimezua maneno hapo Ndanda. Umeziona chupa za jemu zilizojaa maji, mawe yako ndani, ukauliza jambo moja tu: "Hayo kilo shilingi ngapi?" Binamu naye, kabla sijajibu, ameshaandika kwamba anamfahamu dalali mzuri Tunduru. Kwa simu tungeishia kucheka, kwa hiyo nimeamua kukujibu kwa barua, na wasomaji wa safu hii wataniwia radhi wakikuta mambo ya nyumbani kwetu. Mjomba, mawe haya siyauzi. Nayanunua kwa pesa yangu, nayakata mwenyewe, kisha nayapanga kabatini na kuyatazama. Kwa mtu aliyelala chini ya turubai kando ya Mto Muhuwesi kule Tunduru akitafuta yakuti, najua huo ni wendawazimu. Nipe nafasi nijieleze.

Jimbo hili la Australia Kusini ndiko kwenye opali. Kutoka Adelaide ninakoishi, ukienda kaskazini kama kilomita 850 unafika Coober Pedy. Februari 1915 kijana wa miaka 14, Willie Hutchison, alifuatana na baba yake na wenzake kutafuta dhahabu jangwani huko. Dhahabu hawakuipata, kijana akaokota opali juu ya ardhi. Wakaja askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, na baada ya vita ya pili wakafurika Wagiriki, Wakroeshia, Waserbia na Waitalia. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, basi watu wakahamia ardhini: nyumba, hoteli, hata makanisa yamechimbwa ndani ya mwamba. Juu yamebaki vifusi vyeupe hadi upeo wa macho, mashimo yako wazi bila uzio, na mabango yanayomwonya mgeni asirudi kinyumenyume akipiga picha. Mtu aliyewahi kufanya kazi machimboni Tunduru bango hilo halihitaji.

Aliyenitia katika mambo haya ni mzee mmoja wa Kikroeshia katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Alichimba Coober Pedy ujana wake wote. Vidole vimekakamaa, macho yamefifia, lakini kwenye droo ya kitanda ana opali iliyofungwa kwenye soksi, na usiku akikosa usingizi huniita niwashe taa aitazame. Siku moja akaniambia niende kwenye klabu ya wakata mawe, kuna karakana, mwanachama analipa ada ndogo na mashine zote anatumia. Nikaenda. Nikakuta mafundi bomba wastaafu, mwalimu, dereva wa basi, akina mama wawili watatu, wote wamevaa aproni zilizolowa. Wanakata mawe, wanaonyeshana, wanabishana, wanarudi nayo nyumbani. Pensheni yao inawaruhusu, hilo silifichi. Mwenye deni la ada ya shule hawezi kuacha jiwe la laki tano likae kabatini. Lakini si pensheni peke yake, na hilo nitalifikia.

Kwanza jiwe lenyewe. Wewe uliyezaliwa Newala na kuhamia bondeni utalielewa haraka kuliko wenzangu wa klabu. Kule juu mvua inanyesha, mchanga unaimeza yote, na akina bibi waliteremka genge zima na kupanda tena na ndoo kichwani. Maji yale yale yanakuja kutokea chini, kwenye chemchemi za kwetu Ndanda. Opali nayo ni kazi ya maji yanayozama. Yalipenya kwenye miamba ya mchanga yakiwa yamebeba silika, yakatuama kwenye nyufa, na polepole sana yakaiacha silika hiyo ikiwa vitufe vidogo mno. Ukivipanga mstari mmoja wa milimita moja vinaingia zaidi ya 3,000. Wanasayansi wa hapa waliviona miaka ya 1960 kwa hadubini ya elektroni. Vikiwa na ukubwa sawa na vimepangika vizuri, vinaupasua mwanga na jiwe linacheza rangi zote. Vikikaa ovyo unapata jiwe la kijivu lisilosema kitu, mimi naliita opali bubu, na hilo ndilo jingi. Maji nayo hayakuondoka yote: katika opali nyingi asilimia 3 hadi 10 ya uzito bado ni maji. (Binamu asije akabeba sururu kwenda Shimo la Mungu. Sijasema Newala kuna opali.)

Jiwe nililokata juzi lilikuwa la Coober Pedy, halizidi kidole gumba, limegandwa na udongo mweupe. Nililitia maji nikaligeuzageuza chini ya taa. Ubavuni ulionekana mstari mmoja wa kijani, mwembamba kuliko kadi ya benki. Mstari huo ndio mali. Ukikata ukiwa sambamba nao, rangi inajaa uso mzima. Pembe ikipotea kidogo unabaki na uzi. Nikaanza na gurudumu la almasi la chenga kubwa kiasi, maji yakitiririka juu yake, nikawa nagusa, nanyanyua, natazama, nagusa tena. Hapo ndipo nilipomkumbuka mama na wenzake wakibangua korosho: ganda lazima litoke lote, lakini mkono ukizidi nguvu kidogo punje inapasuka, na bei ya vipande unaijua.

Ganda lilipokwisha nikakuta chembe ya mchanga imejificha upande mmoja. Hakuna ujanja, nikapunguza upande huo, jiwe likawa dogo zaidi. Kisha nikalibandika kwenye kijiti kwa nta iliyoyeyushwa, isiwe ya moto sana kwa sababu opali ikipata joto la ghafla inapasuka. Uso wake haukatwi pembepembe kama wa yakuti, unaviringwa ubinuke. Yakuti yako ina ugumu wa 9 katika kipimo cha Mohs. Opali haifiki hata 7, mchanga wa kawaida unaichubua. Nikapita gurudumu la 600, kisha 1,200, kisha 3,000, na mwisho kipande cha ngozi kilichopakwa unga wa oksidi ya seriamu. Kwenye lile la 600 ndipo rangi ilipojitokeza. Kijani kilitembea kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kila nilipoinamisha mkono, kikageuka bluu, na pembeni ikawaka cheche nyekundu ambayo sikuwa nimeiona kabisa kwenye jiwe ghafi. Nyuma niliacha tabaka la opali bubu ya kijivu, maana kiza cha nyuma ndicho kinachozikoleza rangi za mbele.

Kuhusu maji ya kwenye mashine, Binamu asome vizuri sehemu hii kama bado ana mpango wa kununua mashine ya kukatia. Vumbi la silika likiingia mapafuni halitoki. Hapa Australia vijana wengi waliokuwa wakikata mawe ya viwandani ya kuwekea juu ya makabati ya jikoni waliugua ugonjwa wa mapafu wa silikosisi, hata serikali ikayapiga marufuku mawe hayo kuanzia Julai 1, 2024. Klabuni kwetu mtu akiwasha gurudumu kavu anatolewa nje kwanza, maelezo atayatoa baadaye. Barakoa ni lazima, hata kwa jiwe dogo.

Chupa za jemu nazo uliziulizia. Jiwe ghafi likikauka uso wake unakuwa na ukungu, huoni kitu. Ukilizamisha ndani ya maji ukungu unatoweka, na rangi za ndani zinaonekana kana kwamba umeshaling'arisha. Ndiyo maana wachimbaji na wakusanyaji huyaweka hivyo, chupani, karibu na dirisha. Lakini jihadhari na ya Ethiopia. Mwaka 2008 ilipatikana opali nyingi huko Wollo, karibu na mji wa Wegel Tena, na siku hizi kila maonyesho ya mawe unaikuta. Inakunywa maji! Ukiizamisha rangi inafifia, jiwe linakuwa angavu kabisa, na itabidi uiache ikauke polepole kwa siku kadhaa hadi rangi irudi. Ikiloa kwenye chai au mafuta inanyonya na hayo, madoa hayatoki. Hizo naziweka pakavu, juu ya kitambaa cheusi, mbali na taa ya moto.

Sasa nifike nilikokuwa naenda. Klabuni jiwe bila karatasi halina heshima. Kila boksi lina kijikaratasi: aina ya jiwe, mahali lilipotoka, ikiwezekana hata shimo, nani alilipata, mwaka gani. Mzee akifa, watoto wake wakaja na mawe yaliyopoteza karatasi, huwa yanamwagwa kwenye ndoo ya kuuza kwa kilo. Mwanzoni niliona ni ushamba wa kizungu, kuandikia kokoto cheti cha kuzaliwa. Halafu yakaja maonyesho ya mwaka, nikawa napita meza hadi meza, nikaona opali ya kijani kibichi isiyocheza rangi, nzuri sana, ina karatasi yake: Haneti, Dodoma, Tanzania. Mjomba, nilisimama pale nikawaeleza watu nisiowajua Dodoma iko wapi, gari linapita wapi, zabibu zinalimwa wapi. Jiwe moja limenipa kazi ya ubalozi alasiri nzima.

Meza ya tatu kutoka pale palikuwa na kisahani cha yakuti ndogondogo, bluu, zambarau na zingine za rangi ya chai. Karatasi yake iliandikwa neno moja tu: Afrika. Nikamwuliza mwenye meza, akasema alizinunua kwa mfanyabiashara aliyezinunua Bangkok, zaidi ya hapo hajui. Sikuapa kwamba ni za Tunduru. Yakuti za Tunduru, za Sri Lanka na za Ilakaka kule Madagaska hufanana kiasi kwamba hata wataalamu wa maabara hupata shida kuzitenganisha. Zikishachanganywa mfukoni, basi. Na sote tunajua miaka ile ya tisini zilivyokuwa zikiondoka: Wathai na Wasrilanka wamekaa Tunduru na mizani zao, jiwe linapimwa, pesa inahesabiwa, jioni jiwe halina tena kijiji wala mto. Korosho zetu zinakwenda kubanguliwa Kollam, opali ya Wollo inakwenda kukatwa Jaipur, yakuti ya Tunduru inakwenda Chanthaburi. Fedha inayopotea njiani imesemwa sana na wanasiasa, siirudii. Mimi linaloniuma ni jina.

Angalia Tendaguru, hapo jirani Lindi. Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913, wapagazi wetu wakaibeba kwa mabega hadi bandarini, na tangu 1937 yule mkubwa amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, ana urefu wa mita 13 kwenda juu. Iwapo arudishwe au asirudishwe, hayo ni mashauri ya wakubwa. Lakini kila mwanafunzi wa dinosaria duniani analijua jina Tendaguru, kwa sababu kila mfupa uliandikwa ulikotoka. Nani kati yao analijua jina Muhuwesi?

Nafahamu mambo yamebadilika. Tangu 2019 kumefunguliwa masoko ya madini mikoani, mauzo yanaandikwa, na Arusha kuna Kituo cha Jemolojia kinachofundisha vijana kukata na kung'arisha vito. Ni vizuri, ila kitabu cha soko kinaandika uzito na bei. Habari za shimo, za maji yalivyokuwa, za nani aliona kwanza, ziko vichwani mwenu ninyi mliokuwapo.

Kwa hiyo nina ombi. Lile kopo la maziwa ya unga lililoko juu ya kabati la Shangazi, lenye mawe uliyorudi nayo mwaka ule malaria ilipokufukuza machimboni, nalijua, tulilichezea utotoni. Dalali aliyakataa akasema ni takataka, na huenda kweli ni takataka. Nakuomba ukae na yule mjukuu anayesoma Ndanda Sekondari, yamwageni kwenye sinia, kila jiwe mlifunge kwenye kijimfuko cha nailoni na karatasi ndani: lilitoka mto gani, shimo la nani, ulikuwa na kina nani, lilipatikana kwenye changarawe au udongo, mwaka gani kama unaukumbuka, na kama hukumbuki andika ni msimu wa mabibo au wa mvua. Majina ya wenzako yaandike yote, hasa waliofukiwa. Atumie kalamu ya risasi, wino unayeyuka unyevu ukiingia. Asiyasugue kwa brashi ya chuma. Akimaliza, anipigie picha za karatasi. Za mawe si lazima.

Shangazi mwambie kitenge nimeshakipata, nakituma na mtu anayekuja Dar mwezi ujao. Na Binamu asimlete yule dalali wake nyumbani kabla kazi haijaisha.

Wako mpwa,
Adelaide